Nyumba za Msonge za Tengeru

Mtu atokaye mjini Arusha na kushika njia kuu iendayo Moshi huuona mlima Meru upande wake wa kushoto. Huvuka mito mingi midogo ishukayo kutoka mlimani, na kando ya njia huona migomba, mibuni na mahindi. Akiisha kwenda mwendo wa maili 8 hivi, yaani kilometa 13, hufika Tengeru. Hapo pana soko mashuhuri, na karibu yake liko ziwa dogo la Duluti, ambalo maji yake yamejaa ndani ya shimo la volkano ya zamani.

Wasafiri wengi hununua ndizi sokoni, wakaendelea na safari yao. Lakini yeye apendaye kujua mambo na aiache njia kuu, aende mpaka kwenye ardhi ya chuo cha mifugo cha Tengeru. Huko atakuta makaburi ya Kizungu, zaidi ya mia, yaliyopangwa kwa safu na kutunzwa vizuri. Mengi yana misalaba. Akiyasoma majina, ataona kwamba si ya Kiingereza wala si ya Kidachi, kwa maana mengi huishia kwa «ski» au «wicz». Hayo ni majina ya watu wa Poland, nchi ya Ulaya iliyo mbali sana na Meru, nchi ya theluji na misitu ya misonobari.

Je, watu hao walifikaje hapa? Na walipokuwa hai walikaa wapi? Jibu la swali la pili huwashangaza wengi. Wazungu hao, ambao hesabu yao ilipata 5,000, walikaa katika mji wa nyumba za mviringo zenye paa za majani, mfano wa nyumba walizojenga wazee wa Afrika. Habari zao zitafuata. Lakini kwanza yafaa kuijua nyumba yenyewe.

NYUMBA YA MSONGE

Nyumba ya msonge ni nyumba ya duara ambayo paa lake huanza pana chini na kukutana juu katika ncha moja. Katika milima ya Meru na Kilimanjaro watu waliijenga tangu zamani. Wameru waliijenga katikati ya migomba yao, na Waarusha, ambao husema lugha ya Kimasai lakini ni wakulima, nao walijenga nyumba za duara. Wamasai wa nyikani hujenga namna nyingine: nyumba yao ni fupi, imekandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na wajengao ni wanawake. Hivyo kila watu walijenga kwa vitu walivyopewa na nchi yao. Mwenye ng'ombe wengi na miti michache alitumia mavi ya ng'ombe. Mwenye migomba na manyasi marefu alitumia migomba na manyasi.

Kazi ya kujenga msonge haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kwanza alama ya duara ilipigwa chini, na nguzo zikasimamishwa kuifuata alama hiyo. Kisha nyumba ikapauliwa, yaani miti mirefu ya paa ikainuliwa, ikakutanishwa juu na kufungwa. Baada ya hapo fito zikazungushwa kutoka chini hata juu, nazo zikakazwa kwa kamba za maganda ya mgomba, maana misumari haikuwako. Ndipo walipoanza kuezeka kwa manyasi au kwa majani makavu ya migomba.

Katika kuezeka iko sheria moja ambayo fundi hawezi kuivunja. Hana budi kuanza chini, penye upenu, na kupanda juu kidogo kidogo, ili kila safu ya manyasi iifunike safu iliyo chini yake. Akianza juu na kushuka chini, maji ya mvua yatapita katikati ya safu na kuingia nyumbani. Lakini akiifuata sheria hiyo, tone la mvua huteleza kutoka safu hata safu mpaka likaanguka nje. Mvua za masika katika Meru ni kubwa, na kwa sababu hiyo paa lilifanywa la mteremko mkali, maji yasipate nafasi ya kutuama.

Wengine hudhani kwamba watu wa zamani walijenga duara kwa sababu hawakujua kujenga pembe nne. Kila mwanafunzi anaweza kujaribu jambo hili kwa kamba. Na achukue kamba ya urefu wa hatua 20, aizungushe chini kwa mfano wa mraba. Kila upande utakuwa hatua 5, na nafasi ya ndani itakuwa hatua za mraba 25. Kisha aichukue kamba ile ile na kuifanya duara. Sasa nafasi ya ndani itakuwa karibu hatua za mraba 32. Basi kwa ukuta wa urefu ule ule, mwenye nyumba ya duara hupata nafasi kubwa zaidi, naye huokoa miti, udongo na kazi. Tena upepo mkali ukiipiga nyumba ya duara hauoni upande mpana wa kusukuma, bali hugawanyika na kupita. Wazee hawakuandika hesabu hizi, lakini mikono yao ilizijua.

Ndani ya nyumba ya zamani ya mlimani palikuwa na moto katikati, juu ya mafiga matatu. Upande mmoja walilala watu, na upande mwingine walifungwa ng'ombe na mbuzi, ili wasiibwe usiku wala kuliwa na chui. Moshi ulipanda na kupenya katika manyasi, ukawafukuza wadudu waharibuo paa na kulihifadhi lisioze upesi.

Haifai kuisifu nyumba hiyo kupita kiasi. Moshi ule ule uliohifadhi paa uliumiza macho na vifua vya mama na watoto wao. Kulala pamoja na wanyama kulileta viroboto na magonjwa. Cheche moja ya moto iliweza kuiteketeza nyumba nzima kabla majirani hawajafika na maji. Kwa ajili ya mambo hayo watu wengi wa Meru sasa wanakaa katika nyumba za matofali na mabati, zenye madirisha na jiko la mbali, nao wamefanya vema. Walakini mtu aweza kuiacha nyumba ya babu yake bila kuidharau, na habari za Tengeru zaonyesha kwa nini.

WAGENI WA TENGERU

Katika mwezi wa Septemba mwaka 1939 nchi ya Poland ilishambuliwa, kwanza na Wadachi kutoka magharibi, kisha na Warusi kutoka mashariki. Wafalme wawili wa zamani hawakugawana nyara kwa ukali kuliko serikali hizo mbili zilivyoigawana nchi hiyo. Katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Urusi ya wakati ule iliwatoa majumbani mwao watu wengi sana wa upande wa mashariki. Waliamshwa usiku, wakaambiwa wakusanye vitu vichache, wakatiwa katika magari ya moshi ya kuchukulia mizigo, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Huko walikata miti katika baridi kali na kulima mashamba yasiyo yao. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi.

Mwezi wa Juni 1941 Wadachi waligeuka na kuishambulia Urusi. Ndipo Warusi walipopatana na viongozi wa Poland, na mahabusi wakafunguliwa. Wanaume waliingia katika jeshi jipya la Jemadari Anders. Katika mwaka 1942 jeshi hilo, pamoja na wanawake na watoto wengi, lilivuka bahari ya Kaspi na kuingia Uajemi. Askari walikwenda vitani. Lakini wanawake, wazee na watoto yatima wangepelekwa wapi? Ulaya yote ilikuwa inawaka moto wa vita.

Basi wengine walipelekwa Bara Hindi, na wengine wakapakiwa merikebuni mpaka bandari za Afrika ya Mashariki. Katika Uganda walikaa Masindi na Koja. Katika Tanganyika walikaa Kondoa, Ifunda, Kidugala na mahali pengine. Lakini kambi kubwa kupita zote ilikuwa ile ya Tengeru, chini ya mlima Meru, iliyoanza kupokea watu mwaka huo huo wa 1942.

Ilipasa nyumba zijengwe upesi, kwa watu maelfu, wakati wa vita, ambapo mabati, misumari na saruji vilikuwa adimu. Ni nyumba gani iwezayo kujengwa upesi bila vitu hivyo? Ni ile ambayo watu wa Afrika waliijua tangu zamani. Vikajengwa vijumba vya duara, safu kwa safu, vyenye kuta za udongo zilizopakwa rangi nyeupe na paa za ncha zilizoezekwa kwa majani. Wale Wapolandi walipoviona mara ya kwanza walivifananisha na mizinga ya nyuki.

Na tufikiri hali ya mama mmoja wa wakati ule. Miaka mitatu nyuma alikuwa na nyumba ya mbao, ghala la ngano, mume na watoto. Nyumba ilichukuliwa na watu wengine; mume yu vitani; mtoto mmoja amezikwa njiani, mahali ambapo mama hatapaona tena. Sasa anafika chini ya mlima ambao jina lake hakulijua, miongoni mwa watu ambao lugha yao hasikii. Anaonyeshwa kijumba cha duara, na vitanda ndani yake. Anainama, anaingia. Usiku mvua inanyesha, naye anasikiliza. Maji yanateleza juu ya majani na kuanguka nje. Watoto wake wamelala pakavu.

Wageni hao hawakukaa kwa uvivu. Walipanda maua mbele ya nyumba zao na mboga nyuma yake. Kambi ilikuwa na kanisa, hospitali, shamba na nyumba za kazi za mikono. Zaidi ya yote walijali shule. Watoto ambao huko Siberia walikuwa wamepotewa na miaka ya masomo walirudi kwenye madaftari, wakasoma mpaka masomo ya juu. Hivyo kwa miaka kadha palikuwa na mji mzima wa Ulaya chini ya Meru, wenye desturi na sikukuu zake, nao ulikaa chini ya paa za majani.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 watu wa Tengeru walifurahi, kisha wakahuzunika. Mipaka ya Ulaya ilikuwa imebadilishwa, na makwao wengi kulikuwa kumetiwa ndani ya mipaka ya Urusi. Hawakuwa na nyumba ya kurudia. Kidogo kidogo walitawanyika, wengine Uingereza, wengine Kanada, wengine Australia. Wachache tu walibaki, wakazeeka hapa na kuzikwa hapa. Mahali pa kambi pakawa mahali pa kufundishia kilimo na ufugaji. Majani ya paa yalioza, na udongo wa kuta ukarudi kuwa udongo. Yamebaki makaburi.

MJI WA ALBEROBELLO

Waume, kaka na wana wa wanawake wale hawakufika Tengeru. Wengi wao, pamoja na jeshi la Jemadari Anders, walivuka bahari na kupigana katika nchi ya Italia. Mwezi wa Mei 1944 waliushinda mlima wa Monte Cassino, na maelfu yao wakauawa au kujeruhiwa. Hospitali yao moja ilikuwa Casamassima, katika jimbo la Puglia, kusini kabisa mwa Italia, na huko pia yako makaburi ya Wapolandi.

Katika jimbo hilo hilo la Puglia, si mbali sana na Casamassima, uko mji mdogo uitwao Alberobello. Mtu wa Meru akiutembelea atasimama na kustaajabu, kwa sababu mbele yake ataona nyumba za msonge, si moja wala mbili, ila zaidi ya 1,000, zimejaa juu ya vilima kama uyoga baada ya mvua. Lakini atakapozikaribia ataona tofauti moja kubwa. Paa zake si za majani. Ni za mawe matupu.

Nyumba moja ya namna hiyo huitwa «trullo», na nyingi huitwa «trulli». Nchi ya Puglia ina mawe mengi ya chokaa. Mkulima akilima shamba, jembe lake hugonga mawe; asipoyaondoa hapati kupanda. Basi alijengea mawe yale yale yaliyomsumbua. Kuta za trullo ni nene sana, na katikati ya mawe ya nje na ya ndani hujazwa kokoto. Kwa sababu ya unene huo, jua kali la kiangazi halipenyi upesi, na wakati wa baridi joto la moto halitoki upesi.

Paa ndilo la ajabu zaidi. Fundi huweka mawe kwa duara, na kila duara hutokeza ndani kidogo kuliko lile lililo chini yake. Hivyo nafasi ya katikati huzidi kuwa ndogo mpaka jiwe moja la mwisho hulifunga tundu la juu. Hakuna nguzo katikati, wala boriti, wala chokaa ya kugandamisha mawe. Uzito wa mawe wenyewe huyashika mahali pake. Kisha nje hupangwa mawe bapa, yenye kuinama kidogo nje, kuanzia chini mpaka juu, na kila safu huifunika safu iliyo chini yake. Mwanafunzi ataikumbuka sheria hiyo. Ni ile ile ya fundi wa Meru aezekaye kwa manyasi. Mafundi hawa wawili hawakuonana, wala hawakusikia habari za wenzao, lakini mvua iliwafundisha wote wawili somo moja.

Ziko tofauti pia. Mlima Meru humimina maji katika mito na mifereji, na mtu wa mlimani hujenga asifikiri sana habari za maji. Puglia ni nchi kavu, kwa maana mvua inyeshayo huzama upesi katika mawe ya chokaa. Kwa hiyo watu wa huko walichimba visima chini ya nyumba zao, na maji ya mvua yateremkayo juu ya paa yakaongozwa kuingia kisimani. Paa lao lilikuwa kama shamba lao la maji. Juu ya paa nyingi wamechora kwa chokaa nyeupe alama za msalaba, moyo, jua au mwezi. Hata kanisa la Mtakatifu Antonio la mji huo, lililojengwa miaka ya 1920, lina paa la mfano wa trullo.

Kwa nini nyumba hizo zilijengwa bila chokaa katika viungo vya mawe? Sababu moja ni kwamba wakulima wa nchi ile walikuwa wamezoea kujenga hivyo tangu zamani. Lakini iko sababu nyingine isimuliwayo. Zamani Alberobello ilikuwa chini ya mabwana wa Conversano. Sheria ya ufalme wa Napoli ilisema kwamba bwana akianzisha mji mpya hana budi kupata ruhusa ya mfalme na kumlipa kodi. Mabwana wale walitaka watu wa kuwalimia, lakini hawakutaka kulipa. Basi wakaamuru wakulima wajenge mawe makavu matupu, ili watumishi wa mfalme wakija kukagua, paa ziangushwe upesi na mahali pale paonekane kuwa pori tu.

Haya yalikuwa maisha gani! Mtu ajenge kwa jasho lake, huku akijua kwamba neno moja la bwana wake laweza kumlaza nje. Watu wa Alberobello walichoka. Wajumbe wao walikwenda kwa Mfalme Ferdinand wa Nne wa Napoli na kumlalamikia, na mwezi wa Mei 1797 mfalme akawafungua kutoka mikononi mwa bwana wao na kuufanya mji wao kuwa mji huru. Mwaka ule ule ilijengwa nyumba ya kwanza ya mawe yaliyoungwa kwa chokaa. Wenyeji waonyesha nyumba hiyo hata leo. Na zile trulli zilizofichwa machoni pa mfalme, katika mwaka 1996 ziliandikwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, kuwa urithi wa dunia nzima. Siku hizi wageni wa mataifa yote huenda kuzitazama.

MOTO WA NGARE NANYUKI

Mtu asidhani kwamba amri ya kubomoa nyumba za watu ilitoka kwa mabwana wa Ulaya ya zamani peke yao. Hata katika mlima Meru jambo hilo lilitokea, miaka michache tu baada ya vita, wakati ambapo habari za Wapolandi wa Tengeru zilikuwa bado mpya.

Upande wa kaskazini-mashariki wa mlima iko nchi ya Ngare Nanyuki. Wameru walikaa huko na kulisha mifugo yao. Serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika wakati ule ilikata shauri kwamba ardhi hiyo itolewe kwa wafugaji wa Kizungu, na Wameru wahamishwe. Wameru walikataa, lakini hawakushika silaha. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 askari walikuja. Watu wapata 3,000 walitolewa katika makao yao, na nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa moto. Mifugo mingi ilikufa katika kuhama huko.

Manyasi makavu huwaka upesi. Lakini hata kama nyumba zile zingekuwa za mawe kama za Alberobello, zisingewaokoa wenyewe. Ukuta hauwezi kumlinda mtu ambaye haki yake ya kukaa mahali haikubaliwi.

Basi Wameru walifanya kama watu wa Alberobello walivyofanya. Walichanga fedha, wakamtuma mjumbe. Mjumbe huyo alikuwa Kirilo Japhet, Mmeru, na aliyewasaidia katika mambo ya sheria alikuwa wakili Earle Seaton. Katika mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York na kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, ambao Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake. Mtu wa kijiji cha mlimani alisimama mbele ya wakuu wa dunia na kueleza habari za nyumba zilizochomwa. Kura hazikutosha kuilazimisha serikali irudishe ardhi. Hata hivyo habari hiyo ilienea Tanganyika nzima, na watu wengi wakaanza kuuliza habari za haki yao katika nchi yao wenyewe. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Leo Ngare Nanyuki ni nchi ya Wameru tena, na moshi wa meko yao huonekana huko jioni.

MAFUNDISHO YA SOMO HILI

Mtu aliyetembea kutoka Tengeru hata Alberobello, na kutoka Alberobello hata Ngare Nanyuki, ingawa ametembea katika kitabu tu, amejifunza mambo matatu.

La kwanza, asiidharau kazi ya mikono ya wazee. Nyumba ya majani iliwahifadhi yatima wa vita kuu, na nyumba ya mawe ya wakulima maskini imekuwa urithi wa dunia. Ikiwa karibu na shule yuko mzee ajuaye kupaua na kuezeka msonge, wanafunzi na wamwendee kwa adabu, wamwamkie, wamwombe awaonyeshe. Akifa kabla ya kuulizwa, elimu yake itazikwa pamoja naye.

La pili, nyumba haitazamwi kwa umbo lake tu, bali pia kwa jinsi ifaavyo. Mwenye hekima hutwaa lililo jema la zamani, kama vile upenu mpana na mteremko wa paa, na kuliunganisha na lililo jema la sasa, kama vile dirisha, jiko la mbali na sakafu safi.

La tatu, kila mtu ahitaji mahali pa kulala ambapo hataondolewa kwa nguvu. Mama wa Poland alilihitaji jambo hilo, mkulima wa Alberobello alilihitaji, na mzee wa Ngare Nanyuki alilihitaji. Mgeni asiye na makao akija mlangoni, mwenye nyumba na akumbuke kwamba hakuna ajuaye ni lini yeye mwenyewe atapiga hodi kwa watu.

MASWALI

1. Kwa nini fundi huanza kuezeka chini na si juu?

2. Chukueni kamba ya hatua 24. Pimeni nafasi ya mraba, kisha nafasi ya duara. Tofauti yake ni ngapi?

3. Watu wa Poland walipita nchi zipi kabla ya kufika Tengeru? Zionyesheni katika ramani.

4. Nyumba ya Meru na trullo ya Puglia hufanana kwa mambo gani, nazo hutofautiana kwa mambo gani?

5. Watu wa Alberobello mwaka 1797 na Wameru mwaka 1952 walitafuta haki kwa njia gani?

6. Mwulizeni mzee wa kwenu jinsi nyumba zilivyojengwa alipokuwa mtoto, mkaandike majibu yake.